Mtoto Anayebaki Nyumbani Msimu wa Mpunga: Nani Anawajibika Kumlinda Bonde la Kilombero?

Na Mwandishi Wetu – Ifakara

Mvua zinapokolea katika Bonde la Kilombero, mitaa mingi ya Ifakara na vijiji vinavyouzunguka mji huo hupungukiwa na watu wazima. Baba na mama hufunga milango, hubeba majembe, sufuria, vyandarua na gunia la mbegu, kisha huelekea mashambani. Huko watakaa katika vibanda na madungu kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi, mpaka mpunga upandwe, upaliliwe, uamiwe ndege na hatimaye uvunwe. Wapo wanaoondoka na watoto wao wote. Wapo pia wanaomwacha yule anayesoma, pamoja na debe la mchele, dagaa kidogo na maneno mawili matatu kwa jirani.

Huyo anayeachwa ndiye anayezungumziwa katika makala hii. Si yatima, wala si mtoto wa mtaani. Ana wazazi wanaompenda, ana sare na ana kiti darasani. Hata hivyo, kwa sehemu ya mwaka analala katika nyumba isiyo na mtu mzima, na masuala yote ya ulinzi wa mtoto ambayo wananchi huyasikia yakitajwa katika matangazo ya Serikali humhusu yeye kwa namna ya pekee.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo ni Sura ya 13 ya Sheria za Tanzania, inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Katika kifungu cha 9, Sheria hiyo inamtaka mzazi ahakikishe kwamba anapokuwa hayupo kwa muda, mtoto wake anatunzwa na mtu mwenye uwezo wa kufanya hivyo. Maneno hayo machache yana uzito mkubwa katika bonde la wakulima wa mpunga. Msichana wa miaka 13 aliyeachiwa wadogo zake wawili hawezi kuhesabiwa kuwa ndiye mtu mwenye uwezo. Wala jirani ambaye hakuombwa, bali aliagwa tu asubuhi ya safari, hawezi kuhesabiwa kuwa amekabidhiwa mtoto.

Kwa nini mashamba yako mbali

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini wakulima wa Kilombero wasiishi jirani na mashamba yao. Jibu liko katika ardhi yenyewe na katika historia. Bonde limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, na ardhi yake yenye rutuba zaidi kwa mpunga ndiyo hiyo hiyo inayofunikwa na maji mito inapojaa. Watu wamejenga palipoinuka na kulima palipo chini. Miaka ya 1970 jambo hili liliongezewa nguvu na Operesheni Vijiji, iliyowakusanya wananchi kandokando ya barabara na ya reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970. Shule, zahanati na visima vikawekwa huko. Mashamba yakabaki yalikokuwa.

Tangu hapo familia nyingi zimekuwa na makazi mawili, nyumba ya kijijini au mjini na kibanda cha shambani. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Waswisi iliyoanzishwa mjini hapo miaka ya 1950, wameandika kuhusu uhamaji huu wa msimu walipokuwa wakifuatilia malaria katika mashamba ya mpunga. Kwa hiyo si jambo jipya, wala si siri. Ni haki pia kusema wazi kwamba mzazi anayehamia shambani hakimbii wajibu wake. Mpunga huo ndio chakula cha nyumbani na ndio unaonunua daftari, viatu na sare.

Tatizo ni kwamba kalenda mbili zinagongana. Mvua za bonde hunyesha kwa kiasi kikubwa kati ya Desemba na Mei, na muhula wa kwanza wa masomo hufunguliwa Januari. Siku ambazo shamba linahitaji mikono mingi ndizo siku ambazo mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha herufi, na mwalimu wa darasa la saba anaanza kuwaandaa watahiniwa. Mzazi analazimika kuchagua kati ya kumchukua mtoto na kumwacha, na kila uamuzi una hatari yake.

Mtoto anayechukuliwa hupoteza masomo. Hupewa kazi, mara nyingi ile ya kuamia ndege, ambayo watu wazima huiona nyepesi kwa kuwa ni kukaa juu ya dungu na kupiga kelele kuanzia alfajiri hadi jioni. Sheria ya Mtoto haikatazi mtoto kusaidia. Inaruhusu mwenye umri wa miaka 14 na kuendelea kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala kuathiri mahudhurio na maendeleo yake shuleni. Mwanafunzi anayepalilia na wazazi wake Jumamosi hana tatizo lolote na Sheria. Mwanafunzi wa darasa la nne anayekaa shambani kuanzia Februari hadi Aprili akifukuza ndege, huyo amenyimwa haki yake, hata kama hakuna aliyemwajiri wala kumlipa.

Mtoto anayeachwa, kwa upande wake, huendelea kuonekana shuleni, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Anahudhuria, kwa hiyo anadhaniwa yuko salama. Lakini anapika mwenyewe, anachota maji gizani, anamuuguza mdogo wake usiku, na anajua kwamba wazazi hawatafika upesi. Mto Lumemo ukijaa, au njia za Mofu, Namawala na Idete zikijaa maji, hata ujumbe wa simu unaweza kukosa wa kuupokea. Mtu mwenye nia mbaya hujua nyumba ipi haina mtu mzima. Baadhi yao hawaji na vitisho. Huja na chipsi, vocha ya simu au lifti ya pikipiki.

Daftari la mahudhurio ndilo jicho la kwanza

Kazi ya ustawi wa jamii shuleni ilianzia mahali ambapo wakazi wa Kilombero watapatambua bila shida. Mwaka wa masomo wa 1906/07, katika miji ya New York, Boston na Hartford nchini Marekani, watu walianza kutumwa kutoka shuleni kwenda majumbani kujua kwa nini watoto fulani hawaonekani darasani au wanakuja wakiwa wamechoka. Waliitwa walimu wa kutembelea. Waligundua kwamba sababu ya utoro mara nyingi haikuwa ndani ya mtoto, bali ilikuwa nyumbani, kazini kwa mzazi au mtaani. Utaalamu wote uliofuata umejengwa juu ya ugunduzi huo.

Hapa nchini, kwa muundo uliopo, shule nyingi hazina afisa ustawi wa jamii wa kwao. Maafisa hao wako katika halmashauri, na baadhi yao katika ngazi ya kata. Wanasimamiwa kiutumishi kupitia ofisi inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wakati Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum inasimamia sera na miongozo. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza kuona dalili karibu siku zote atakuwa mwalimu, na kifaa chake cha kwanza ni daftari la mahudhurio.

Kwa utaratibu wa takwimu za elimu, mwanafunzi asiyehudhuria siku 90 mfululizo bila sababu huhesabiwa kuwa ameacha shule kwa utoro. Kipimo hicho kinafaa kwa kuhesabu, lakini kwa kumlinda mtoto hakifai hata kidogo. Msimu wa mpunga unaweza kuanza na kumalizika ndani ya siku hizo. Shule inayongoja hadi siku ya 90 ndipo ichukue hatua katika bonde hili itakuwa inaandika historia. Mwalimu wa darasa anayeuliza siku ya tatu, akapeleka jina kwa mwalimu mkuu, naye akawasiliana na mwenyekiti wa kitongoji na Afisa Elimu Kata ndani ya wiki hiyo hiyo, anampata mtoto angali anakumbuka somo lililofundishwa mwisho.

Si mahudhurio peke yake yanayosema. Mwanafunzi anayesinzia kila siku saa mbili asubuhi, aliyekuwa nadhifu akaanza kuja na sare chafu, aliyekuwa mchangamfu akawa mkimya, anayechelewa kuondoka shuleni kana kwamba hataki kufika nyumbani, au ambaye ghafla ana simu na fedha ambazo hawezi kueleza zilikotoka, anahitaji kuulizwa kwa upole na mtu mmoja anayemwamini. Shule zimeelekezwa kuwa na walimu wa malezi na unasihi, na Serikali imetoa mwongozo wa kuanzisha Madawati ya Ulinzi na Usalama wa Mtoto ndani na nje ya shule ili mtoto ajue ni nani wa kumfuata.

Mwalimu huyo hatakiwi kuwa mpelelezi. Anatakiwa asikilize, aandike alichoambiwa kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na apeleke taarifa. Asimrudishe mtoto kusimulia jambo lile lile mbele ya walimu watano. Asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo hataweza kuitimiza. Amwambie kwamba atawaambia wale tu wanaoweza kusaidia. Na asimwite mtuhumiwa ofisini ili “wapatanishwe”.

Kuhusu fimbo, Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinaweka mipaka ambayo wazazi wengi hawaijui. Adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na lazima iandikwe katika kitabu maalumu. Mtoto aliyesinzia kwa sababu alikesha na mdogo wake mwenye homa hastahili hata kimoja. Amechoka kwa kufanya kazi ya mzazi.

Afisa ustawi wa jamii akipokea taarifa

Wananchi wengi humwogopa afisa ustawi wa jamii kwa sababu hudhani kazi yake ni kunyang'anya watoto au kupeleka wazazi mahabusu. Hofu hiyo inachangia kuficha mambo, na inafaa iondolewe kwa kueleza anachofanya hasa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa darasa la tano wa kata mojawapo ya Ifakara anaishi na mdogo wake wa darasa la pili. Wazazi wako shambani ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Ulanga. Mwalimu ameona kwamba mdogo haji shuleni siku za Ijumaa, na mkubwa ameanza kuomba chakula kwa wenzake. Taarifa inafika kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii.

Afisa huyo atalifungulia shauri jalada na kufika nyumbani. Ataangalia chakula, mahali pa kulala, kama mlango unafungika, na nani anaingia na kutoka. Atazungumza na watoto wakiwa peke yao, kisha na jirani. Atawatafuta wazazi kwa simu au kupitia mwenyekiti wa kitongoji cha huko waliko. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa mamlaka ya kumwita anayelalamikiwa ili suala lijadiliwe, na uamuzi ufanyike kwa kuzingatia manufaa ya mtoto. Katika mfano wetu makubaliano yanaweza kuwa ya kawaida kabisa: bibi wa watoto aje akae nao hadi mavuno, au mama abaki na baba atangulie, au watoto wahamie kwa shangazi mwenye nyumba karibu na shule, na mzazi apeleke mchele huko. Makubaliano huandikwa, kisha afisa hurudi kuangalia kama yametekelezwa.

Mzazi akikaidi, shauri linaweza kupelekwa mahakamani. Kifungu cha 14 cha Sheria kinaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa anayekiuka masharti ya sehemu inayohusu haki na ustawi wa mtoto. Mtoto akiwa hatarini kiasi kwamba hawezi kuendelea kulala alipo, anaweza kuwekwa kwa muda kwa mlezi wa kuaminika, yaani mtu wa jamii hiyo hiyo aliyechunguzwa na kuandaliwa kwa kazi hiyo. Kumwondoa mtoto nyumbani ni hatua ya mwisho, na kwa watoto wa wakulima ambao kosa lao ni umbali wa shamba, hatua hiyo mara nyingi haihitajiki.

Wajibu haumhusu afisa mmoja. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali ya mtaa yenyewe jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake, pamoja na kutunza rejesta ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi. Bonde la Kilombero lina halmashauri kadhaa, zikiwemo Mji wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga, na familia moja inaweza kuwa na nyumba katika halmashauri moja na shamba katika nyingine. Ndiyo maana mawasiliano kati ya watendaji wa pande mbili za mto yana umuhimu kuliko inavyoonekana kwenye makaratasi. Daraja la Magufuli, lililochukua nafasi ya kivuko, limerahisisha safari. Halijaondoa ulazima wa mtendaji mmoja kumpigia mwenzake.

Mahali ambapo mazungumzo ya kifamilia hayaruhusiwi

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu uangalizi hafifu, ambao mazungumzo huweza kuurekebisha. Ukatili wa kingono ni jambo jingine kabisa, na hauna meza ya usuluhishi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulionesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Ulikuwa miongoni mwa misingi ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, ambao awamu yake ya kwanza ilianza mwaka 2017/18 na ya pili inahusu kipindi cha 2024/25 hadi 2028/29. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika vijiji, mitaa, kata na halmashauri zimetokana na mpango huo.

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Anayemsaidia au kumshawishi mwanafunzi kuolewa naye ana kosa. Wakuu wa shule wanatakiwa kutunza kumbukumbu za matukio ya ndoa na mimba za wanafunzi na kuyatolea taarifa kila robo mwaka, pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, kufanya mapenzi na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akidaiwa kuwa alikubali. Mwalimu akihusika, mbali na mashtaka ya jinai, hukabiliwa na hatua za kinidhamu za Tume ya Utumishi wa Walimu.

Kesi nyingi za aina hii hazifiki mahakamani kwa sababu moja inayojulikana kila kata: familia mbili hukaa, fedha au magunia ya mpunga hutolewa, na shahidi mkuu, ambaye ni mtoto, hupelekwa kwa ndugu mkoa mwingine. Mzazi anayepokea malipo hayo hajamaliza jambo. Amemwachia mhalifu nafasi ya kwenda katika nyumba nyingine isiyo na mtu mzima, msimu huo huo.

Kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili, saa ni muhimu. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali bila kuogeshwa, na nguo alizokuwa amevaa zihifadhiwe bila kufuliwa. Polisi, Dawati la Jinsia na Watoto ndilo linalopokea malalamiko haya na kuhoji kwa faragha. Anayesubiri wazazi warudi kutoka shambani ndipo hatua zichukuliwe anaweza kukuta muda huo umekwisha pita. Jirani, mwalimu au mwenyekiti anaweza kumpeleka mtoto, na Sheria iko upande wake.

Nani atoe taarifa, na aseme nini

Kifungu cha 95 hakimtaji mwalimu peke yake. Kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa au anazembea kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo hilo. Kwa lugha ya kila siku, mlango wa kwanza ni ofisi ya mtendaji wa kijiji, mtaa au kata. Asiyetaka kuonekana ofisini anaweza kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga.

Mpigaji hahitaji kuwa na uhakika wa kila kitu. Aeleze alichokiona au kusikia, mtoto yuko wapi, ana umri gani takriban, anasoma shule gani, nani anaishi naye, na kama kuna hatari ya sasa hivi. Kuthibitisha ni kazi ya wengine. Wanaotoa taarifa kwa kukomoana wapo, hilo halikataliki, lakini ziara moja ya afisa hutosha kuwabaini, na gharama ya ziara hiyo ni ndogo kuliko ya ukimya.

Kabla ya mvua

Jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi, lingepunguza mashauri mengi haligharimu fedha nyingi. Mikutano mikuu ya vijiji na mitaa inayofanyika kabla ya msimu ingeweza kuuliza swali moja: ni kaya zipi zitahamia shambani, na watoto wa shule watabaki na nani? Orodha hiyo ikiandikwa, kila mtoto akiwa na jina la mtu mzima aliyekubali mwenyewe kuwa mlezi, nakala moja ikabaki kwa mtendaji na nyingine kwa mwalimu mkuu, shule itajua wa kumtafuta siku ya tatu ya utoro badala ya kuanza kuulizia mtaani.

Chakula cha mchana shuleni nacho ni sehemu ya ulinzi. Mwongozo wa Serikali kuhusu chakula na lishe kwa wanafunzi unategemea michango ya wazazi na jamii, na katika bonde hili mchango huo ni rahisi kutolewa kwa mpunga wakati wa mavuno kuliko kwa fedha wakati wa kupalilia. Mtoto aliyeachwa na debe la mchele atakula shuleni mlo mmoja wa uhakika mbele ya watu wazima wanaomwona. Kaya zilizo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF zina sababu ya ziada, kwa kuwa sehemu ya ruzuku yao imefungamanishwa na mahudhurio ya mtoto yasiyopungua asilimia 80.

Wapo wazazi wanaofikiria bweni kuwa ndilo suluhisho. Kwa wanafunzi wa sekondari, hasa wasichana wanaopanga vyumba mitaani, hosteli ni salama zaidi pale ilipo. Kwa wadogo njia hiyo imefungwa: Waraka wa Elimu wa mwaka 2023 ulisitisha huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya familia. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba wa mkulima wa Kilombero hana budi kuwa na mtu mzima nyumbani. Sera na Sheria ya Mtoto zinakutana hapo.

Na kwa yule ambaye msimu ulishamwondoa darasani, mavuno yakiisha arudi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi wa elimu. Mzazi au mlezi afike naye kwa mkuu wa shule. Akizuiwa mlangoni, aende kwa Afisa Elimu Kata, na asiporidhika huko apeleke suala lake kwa Afisa Elimu wa halmashauri, akiwa na jina la shule na tarehe ambayo mtoto alihudhuria mara ya mwisho.